Pombe Ikiingia Nyumbani, Wanaugua Wawili

KALEMIE – Bwana akianza kulewa kila siku, majirani wanamwangalia bibi. Mmoja anamwambia avumilie, mwingine anamwambia afiche franka, mwingine afunge mlango usiku. Ni kama ulevi ni kazi aliyopewa yeye aisimamie. Lakini kulinda chupa hakujamponya mtu. Ulevi ni ugonjwa, na ndani ya nyumba unawagusa wote wawili. Basi na dawa yake inawahitaji wote wawili.

Kwa familia za wahami uzito unazidi. Tangu vita vya Watwa na Waluba vilipochacha mwaka 2016, watu maelfu walikimbia vijiji vya jimbo la Tanganyika na kujenga vibanda kandokando ya mji, Katanika na kwingineko. Mwanaume aliyekuwa na shamba lake anakaa mchana kutwa bila kazi. Macho yake yaliona mambo ambayo mdomo hauwezi kuyasimulia. Lutuku ni ya bei ndogo, na inamletea usingizi.

Tena kuna fundo gumu. Mara nyingine bibi mwenyewe ndiye anayepika lutuku ya mahindi na mihogo, kwa sababu ndiyo inayoleta unga na sombe. Chungu kinacholisha watoto ndicho kinachomwangusha baba yao. Kumtukana mama huyo hakusaidii. Anahitaji biashara nyingine, hata ya ndakala au ya makala, kabla ya kuambiwa azime moto.

Kuna matibabu ya bwana na bibi pamoja, yaliyojaribiwa miaka mingi huko Marekani, na hayahitaji mashine. Wawili wanakaa na mshauri, wanafanya agano dogo la kila siku. Asubuhi bwana anasema: "Mama watoto, leo sitakunywa." Bibi anajibu: "Aksanti, Baba watoto." Wanapiga alama kwenye kalenda, basi. Ulevi wa jana na hofu ya kesho haviguswi mpaka siku ya kurudi kwa mshauri. Bibi anaacha kuwa polisi, bwana anaacha kujificha, na inabaki nafasi ya kuongea juu ya watoto na chakula.

Agano hilo halifai kila nyumba. Mahali penye kipigo, kuwakalisha pamoja kunaweza kumtia mama hatarini: neno analolisema mchana mbele ya mshauri, atalilipa usiku. Kule Zambia, ng'ambo ya kusini ya ziwa, walijaribu njia nyingine. Mjini Lusaka walichukua familia 248 zenye ulevi wa bwana na kipigo, wakazigawa mafungu mawili. Fungu moja lilifundishwa na washauri wa kawaida, si madaktari, wanaume kwenye kundi lao na wanawake kwenye kundi lao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020: katika fungu hilo kipigo na ulevi vilipungua zaidi kuliko katika fungu la pili.

Hapo ndipo penye tumaini kwa Kalemie. Kazi hiyo haingojei mpaka daktari mkubwa ashuke kutoka Lubumbashi. Mama au baba wa mtaa mwenye kutunza siri anaweza kufundishwa na kuifanya.

Jambo moja ni la hatari. Mtu aliyelewa kila siku kwa miaka mingi, akikata pombe ghafula, anaweza kutetemeka sana, kuona vitu visivyokuwepo, hata kushikwa na kifafa. Hayo si mashetani. Asifungiwe chumbani, apelekwe kituo cha afya haraka.

Kwa chefu wa mtaa, pasta na imamu: mama akija kulia, asiambiwe tu "vumilia". Aulizwe kwanza kama yuko salama, na watoto je? Halafu bwana naye aitwe peke yake, bila kuaibishwa mbele ya watu. Na akianguka tena baada ya wiki tatu, asichekwe. Agano lilikuwa la siku moja, na kesho asubuhi linaweza kuanza upya.