"Tazama" ni Ahadi: Juu ya Marejeo Mtambuko katika Maelezo ya Programu

Wanaleksikografia hujadiliana sana juu ya kifupisho kimoja kidogo: "taz." Msomaji anayekutana nacho katika kidahizo huacha alipo, akafungua ukurasa mwingine akiamini kwamba huko liko jawabu. Asipolikuta, lawama ni za mtunzi wa kamusi. Katika insha hii nakusudia kueleza jinsi lawama hiyo ilivyonifika mimi, si kwa kamusi, bali kwa maelezo ya programu ya kompyuta.

Mwaka 2016 niliandika, kwa lugha ya Python, programu ya kuchambua mkusanyo wa matini za Kiswahili. Ilikuwa na fanksheni kadhaa, yaani vipande vya programu vyenye majina, kila kimoja na kazi yake. Katika maelezo ya fanksheni ya kuhesabu maneno niliandika: "Kwanza safisha matini, taz. safisha." Kwangu maneno hayo yalitosha. Nilisahau kwamba zilikuwapo safisha mbili katika moduli mbili: moja iliondoa alama za uakifishaji lakini ikaacha ritifaa, nyingine iliondoa kila kisicho herufi.

Mwanafunzi wangu wa uzamili alifuata rejeo hilo, akaangukia ya pili. Baada ya miezi miwili aliniletea jedwali lake. "Mwalimu," akauliza, "mbona ng'ombe hawamo?" Tulipochunguza, ng'ombe alikuwa amegeuka ngombe. Kibaya zaidi, ng'oa na ngoa yalihesabiwa kuwa neno moja, ijapokuwa la kwanza ni kitenzi na la pili ni nomino yenye maana ya wivu. Ilibidi sura nzima ya tasnifu iandikwe upya. Yeye aliomba radhi. Mwenye kosa nilikuwa mimi.

Tatizo hili si geni. Mwongozo wa kwanza wa mfumo wa Unix, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie na kutolewa tarehe 3 Novemba 1971, uligawanywa katika sehemu zenye namba, na maelezo ya jina moja yaliweza kumwelekeza msomaji kwa majina mengine ya kutazama pia. Katika desturi iliyoimarika baadaye, namba ya sehemu huandikwa ndani ya mabano: printf(1) ni amri, printf(3) ni fanksheni ya lugha ya C. Mwanaisimu hatashangaa. Ndivyo tutenganishavyo homonimu: kaa¹ la moto, kaa² wa pwani, kaa³ kitako.

Vyombo vya siku hizi vimekwenda mbali zaidi. Sphinx, iliyotolewa mwaka 2008 kwa ajili ya maelezo ya Python, humwezesha mwandishi kutaja kama anarejelea fanksheni au moduli. Na ikiagizwa, humwonya pale rejeo lisipofika popote. Hata hivyo, chombo hakiwezi kujua kama msomaji amefikishwa panapomfaa. Rejeo langu lilikuwa na mahali pa kufika. Tatizo ni kwamba halikuwa mahali nilipokusudia.

Kutokana na hayo nimejiwekea kanuni tatu. Kwanza, jina liandikwe kamili, pamoja na moduli yake na mabano: alama.safisha(). Jambo hili lina uzito wa pekee katika Kiswahili, kwa kuwa fanksheni nyingi tunazipa majina ya vitenzi vya kuamuru, na bila mabano msomaji hawezi kutambua kama "safisha" ni jina au ni agizo tu. Pili, rejeo lieleze kwa maneno machache kwa nini msomaji anatumwa huko. Tatu, kama jambo lenyewe ni la sentensi moja, lisemwe hapo hapo. Si haki kumtembeza mtu kwa jambo ambalo lingemkuta alipo.

Mwanafunzi yule alihitimu, akachelewa muhula mmoja. Kabla ya kuondoka alisahihisha maelezo yangu kwa mkono wake: "Taz. alama.safisha(), inayoacha ritifaa." Maneno mawili tu yaliyomo mwishoni mwa sentensi hiyo yangemwokolea muhula wake. Sijayagusa hadi leo.