Feza ya mazutu na kipimo cha tisa



Wengi wenu mnajua ile maneno ya feza ya mazutu, maana ilisemwa sana katika enterna na hata njiani kwenda sokoni. Lakini wengi walisikia mwanzo tu, mwisho hawakuusikia. Sisi watatu wa komite, wa darasa la tano, tumeomba nafasi katika gazeti hili ili tueleze namna ilivyokwenda, kwa sababu ndani yake kuna hesabu, na kwa sababu kosa lilikuwa letu.

Mnakumbuka ya kwamba katika muhula wa pili umeme ulikuwa unakatika karibu kila usiku, na mitihani ilikuwa karibu. Tukapatana kila darasa lichange, tununue mazutu, mashini iwashwe saa mbili kila jioni wakati wa kusoma. Kila mtu alitoa kadiri ya nguvu yake: huyu 200, yule 500, mwingine 1 000. Wakubwa wa madarasa walipeleka feza kwa mshika-mfuko, mwenzetu wa darasa la tano, naye akazifungia katika sanduku la bati. Kisha kila mmoja alituletea sisi kipande cha karatasi chenye kiasi cha darasa lake. Kazi yetu ilikuwa kunakili vipande vile sita kwenye karatasi moja safi na kutafuta jumla. Kazi ndogo, hata mtoto wa primere angeiweza. Ndivyo tulivyodhani.

Tukaandika hivi: darasa la kwanza 38 500, la pili 41 000, la tatu 63 500, la nne 29 500, la tano 27 000, la sita 18 500. Jumla franka 218 000. Darasa la tatu waliwashinda wote, na siku tulipotangaza tukawapigia makofi.

Sasa, sisi hatukuwa wavivu. Jumla ile tuliipima kwa kipimo cha tisa, ile preve ya tisa ambayo wote tumefundishwa tukiwa wadogo, pamoja na msalaba wake ulioinama. Unajumlisha shifre za kila namba, na ukipata mbili unazijumlisha tena, mpaka ibaki moja. Tisa unaihesabu kama sifuri. 38 500 inatoa 7, 41 000 inatoa 5, 63 500 inatoa 5, 29 500 inatoa 7, 27 000 inatoa sifuri, 18 500 inatoa 5. Zote pamoja ni 29, yaani 11, yaani 2. Na 218 000? 2 na 1 na 8 ni 11, yaani 2. Sawasawa. Tukachora msalaba wetu pembeni ya karatasi kwa biki nyekundu, tukaona tumemaliza.

Siku ya kununua, sanduku likafunguliwa mbele ya Bwana Prefe. Wakahesabu: 191 000. Wakahesabu tena: 191 000. Mara ya tatu ni ile ile. Zilikosekana 27 000.

Angalieni basi ubaya wa namba ile. 27 000 ilikuwa kamili mchango wa darasa la tano, na mshika-mfuko alikuwa wa darasa la tano. Kabla ya chakula cha mchana shule nzima ilikuwa imekwisha kukata kesi: alipokea feza za darasa lake, hakuzitia katika sanduku. Jioni, katika dortoari, tulisikia mtu akimwambia waziwazi: «Weye njo ulikula feza yetu. Sema tu, tujue.» Yeye alijibu neno moja: «Sikuchukua.» Kisha akalala na viatu vyake miguuni, akageukia ukuta.

Na sisi? Hapa ni pagumu kuandika. Sisi hatukumtukana. Lakini Bwana Prefe alipotuuliza kama tuna hakika na jumla yetu, tulimwonyesha msalaba mwekundu, tukasema: «Tumepima, Bwana. Hesabu ni sawa.» Neno lile lilimwangusha mwenzetu kuliko matusi yote ya dortoari, kwa maana wengine walikuwa wanadhani tu, lakini sisi tulileta ushahidi.

Mwalimu wetu wa hesabu alitukuta kesho yake, baada ya ibada ya asubuhi. Hakutuuliza habari za mshika-mfuko hata kidogo. Alisema: «Hiyo 27 000 mnayotafuta, mmejaribu kuigawanya kwa tisa?» Tukamjibu kwamba ni 3 000, bila baki. «Na sanduku, 191 000, mmelipima kwa tisa?» Tukapima pale pale tukiwa tumesimama: 1 na 9 na 1 ni 11, yaani 2. Karatasi inatoa 2, sanduku nalo linatoa 2! Mwalimu akasema: «Basi tisa yenu inakubali yote mawili. Shahidi anayekubali kila kitu, mnampeleka mbele ya Prefe?» Akaenda zake darasani, akatuacha na chaki mkononi.

Ilitubidi kurudi nyuma mpaka kwenye sababu ya kanuni yenyewe, jambo ambalo tangu primere hatujawahi kulifanya. Tulikuwa tunajumlisha shifre kama mtu anayefuata dawa ya mganga. Kumbe sababu ni nyepesi. Kumi ni tisa na moja. Mia ni 99 na moja. Elfu ni 999 na moja, na elfu kumi ni 9 999 na moja. Kwa hiyo ukigawanya kwa tisa, kila kumi inabakisha moja, kila mia inabakisha moja, kila elfu inabakisha moja. Katika 36 500, elfu kumi tatu zinabakisha 3, elfu sita zinabakisha 6, mia tano zinabakisha 5. Kujumlisha shifre ni kuhesabu yaliyobaki, basi. (Blaise Pascal, yule Mfaransa wa karne ya 17, aliandika juu ya jambo hili hili, na alionyesha kwamba njia yake inafaa kwa mgawanyo wowote, si kwa tisa na tatu tu.)

Lakini mtu akielewa hivyo, anaona pia ugonjwa wake. Ikiwa elfu inabakisha moja na elfu kumi inabakisha moja, basi kwa tisa hizo ni kitu kimoja. Shifre ikihama chumba, tisa haioni. Andika 36 au 63, yeye anasema 9 tu. Na tofauti inayotokea sherti igawanyike kwa tisa: kila moja inayohama kutoka elfu kwenda elfu kumi inaongeza 9 000. Kwetu zimeongezeka 27 000, maana yake zilihama tatu. Basi tulipashwa kutafuta katika karatasi yetu namba ambayo shifre yake ya kwanza inapita ya pili kwa tatu.

Tukatafuta. Zilikuwa mbili tu. 41 000, maana 4 inapita 1 kwa tatu. Na 63 500.

Mwalimu alikuwa ametuonya: «Mwizi naye anaweza kuiba 27 000. Tisa haiwezi kumwachilia mtu, wala haiwezi kumfunga. Inawaonyesha mahali pa kuchimba.» Kwa hiyo tulihitaji vile vipande vya mwanzo. Mmoja wetu alivikumbuka: alivitia katika kitabu chake cha jeometri. Tukakimbia enterna. Kipande cha darasa la pili kilisema 41 000. Kipande cha darasa la tatu, kwa maandishi mazuri kabisa, kilisema 36 500. Mkono ulioandika 63 500 ulikuwa mkono wetu.

Tulikaa kitandani kwa muda, hakuna aliyesema. Mmoja alitaka twende kwa Prefe kimya-kimya, mambo yaishe ofisini. Lakini mwenzetu aliitwa mwizi mbele ya watu wote, si ofisini. Kesho yake, wakati wa kujipanga asubuhi, tulisimama mbele, tukasoma kipande cha darasa la tatu, tukasoma karatasi yetu, tukaomba msamaha. Mshika-mfuko alikuwa katika mstari wake. Alitusikiliza, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu. Siku ile hakusema nasi, na siku iliyofuata pia.

Tangu pale tumezipenda kanuni hizi kwa namna nyingine, na kuziogopa kidogo. Mwalimu alitupa dada yake tisa, ndiye kumi na moja. Kumi ni kumi na moja kutoa moja. Mia ni 99 na moja. Elfu ni 1 001 kutoa moja. Elfu kumi ni 9 999 na moja. Kwa hiyo unaanzia kulia, unajumlisha, unatoa, unajumlisha, unatoa. Kwa 36 500: sifuri, toa sifuri, ongeza 5, toa 6, ongeza 3, unapata 2. Kwa 63 500: ongeza 5, toa 3, ongeza 6, unapata 8. Hawafanani! Kama tungaliandika baki ya kumi na moja pembeni ya kila kipande, na tena pembeni ya kila namba tuliyonakili, mwenzetu asingalilala na viatu. Tuseme na hili: mtu akibadilishana shifre zilizorukana chumba kimoja, akaandika 56 300 mahali pa 36 500, tisa na kumi na moja wote wawili ni vipofu. Jaribuni wenyewe. Ndiyo sababu sasa mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuata kwa kidole.

Katika masomo pia tulikuwa na uongo mwingi wa namna hii. Katika interro moja tuliulizwa kama 3 812 inagawanyika kwa 8. Tukajibu ndiyo, kwa kuwa inagawanyika kwa 2 na kwa 4, na mbili mara nne ni nane. Tulipata sifuri, na ni haki: 12 nayo inagawanyika kwa 2 na kwa 4. Kwa 2 na 3 maneno hayo ni kweli, yanatoa 6, kwa sababu 2 na 3 hazina mgawanyo wa pamoja. 2 na 4 ni ndugu tayari. Kwa 8 angalia shifre tatu za mwisho: 812 ni nane mara 101, na 4 inabaki.

Saba ndiyo ilitutesa, mpaka tulipoonyeshwa ya kwamba 7 mara 11 mara 13 ni 1 001. Basi namba kubwa unaikata tatu-tatu kutoka kulia, unajumlisha na kutoa mafungu kwa zamu, na kwa kazi moja unapima tatu zote. Mwalimu aliandika ubaoni 4 294 967 297. Tukafanya: 297 toa 967, ongeza 294, toa 4. Inatoka 380 upande wa kutoa. 380 haigawanyiki kwa 7, wala 11, wala 13. Jumla ya shifre ni 59, basi si 3 wala 9. Haiishi kwa 5 wala kwa sifuri, na si ya mbili-mbili. Tukapiga kelele: «Ni namba ya kwanza, Bwana!» Akacheka. Akatuambia kwamba hata Pierre de Fermat, mwaka 1640, aliamini vivyo hivyo, na ilichukua mpaka 1732 Leonhard Euler alipoonyesha kwamba ni 641 mara 6 700 417. Tukazidisha usiku ule ule, chini ya mashini ya mazutu. Ni kweli. Namba ile ilipita milango yote tuliyoijua, ikakamatwa kwenye mlango wa 641.

Mazutu tulinunua kwa zile 191 000, ikatosha mpaka mitihani. Kwa mchango wa muhula huu madarasa yamemchagua tena mwenzetu yule yule kushika mfuko. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema atakubali kwa sharti moja: karatasi yetu iwe na vyumba viwili vyembamba pembeni, kimoja cha tisa na kimoja cha kumi na moja, na sisi tuvijaze mbele yake, kabla hajafungua sanduku. Tunavijaza. Anatazama kila shifre, hasemi haraka.

Darasa la tatu nao wametuuliza kama wanapashwa kurudisha yale makofi.