Dungu la Masika

Masika ya 1976 nilikuwa mkunga pekee wa zahanati moja katika Bonde la Rufiji. Watu walikuwa wameshahamishiwa juu, mbali na mafuriko, wakapangwa kwenye vijiji vya ujamaa. Lakini mpunga ulibaki bondeni, na mpunga hauachwi peke yake: mchana ndege, usiku nguruwe. Miezi hiyo akina mama walihamia mashambani, wakalala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, maji yakipita chini. Kitanda cha kuzalishia nilikuwa nacho mimi. Wajawazito walikuwa huko.

Usiku mmoja kijana alinigongea. "Nesi, Bibi anakuita. Mtoto katoka, kondo limegoma."

Tulivuka kwa mtumbwi, mkoba nimeupakata. Bibi mkunga alikuwa amefanya yote aliyoyajua, tena kwa ustadi. Mtoto alikuwa mkavu, amefungwa khanga, kalala kifuani pa shangazi yake. Mama alikuwa juu ya mkeka uliolowa. Damu ilipenya kwenye fito za sakafu. Niliisikia ikidondoka majini kabla sijaiona.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fanya upesi."

Nililitoa kondo kwa mkono, nikasugua tumbo, mfuko wa uzazi ukakataa kukaza. Sindano ya kuukaza haikuwamo mkobani. Zahanati ilikuwa imeishiwa tangu mwezi uliotangulia, na barabara ilikuwa imekatika. Tukampakia mtumbwini kumkimbiza hospitali. Hakufika.

Wako walionitaka nimpige marufuku yule bibi. Nilikataa, na hadi leo naamini nilifanya sawa: ndiye aliyekuwapo. Nilimwomba tutembee pamoja. Kamati ya kijiji nayo ikatoa nyumba jirani na zahanati kwa wenye mimba za miezi minane, ndugu zao wakiwalindia mpunga, na mtumbwi mmoja ukawekwa tayari, usitumwe kwingine. Kila wiki nikawa nakwenda madunguni, Bibi mbele, mimi na mkoba nyuma. Yeye alipapasa tumbo kwa viganja, mimi nikasikiliza moyo wa mtoto kwa kipembe cha mbao. Tulipotofautiana mtoto kalalaje, mara nyingi kichwa kilikuwa pale alipokisema yeye.

Mwaka 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata kutangaza huduma ya afya ya msingi, mawazo yangu yalikuwa kwenye ngazi ya lile dungu.

Kadi ya kliniki ya yule mama ninayo. Tuliikuta ndani ya furushi lake. Alihudhuria mara moja tu, mimba ikiwa ya miezi sita. Mwandiko ni wangu: viganja vyeupe, apewe vidonge vya kuongeza damu, arudi baada ya wiki nne. Wiki nne zilipotimia yeye alikuwa dunguni, nami nilikuwa nimekaa zahanati, namsubiri.