Msimu wa Ngoro Umatengo

Machi ni mwezi mbaya wa kusafiri Umatengo, lakini ni mwezi mzuri wa kufika. Kutoka Songea hadi mji wa Mbinga, kilomita mia moja hivi kuelekea magharibi, ni lami, na basi halina shida. Taabu huanzia Mbinga. Anayekwenda vijiji vya juu, upande wa Litembo, hupanda bodaboda, na dereva akishalitazama wingu na begi la abiria hutaja nauli isiyopunguzwa. Wangu alikuwa amezungusha mnyororo kwenye tairi la nyuma ili lishike tope. Penye mteremko mkali alinishusha, akateremka na pikipiki peke yake, miguu yote miwili ikiburuta udongo mwekundu, nami nikamfuata nikishikilia nyasi za kando ya njia.

Tambarare ni adimu huku. Milima hii ina kimo cha mita 1,300 hivi hadi karibu 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kila kipande cha mlima kilichokatwa na vijito pande mbili huitwa ntambo. Zamani ntambo ilikuwa ya ukoo mmoja. Nyumba hujengwa juu, mashamba yakashuka hadi mtoni. Mtu akisimama ng'ambo ya bonde huona mlima mzima umejaa mashimo ya mraba, safu chini ya safu, kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Wageni wengi hupiga picha kutoka hapo hapo ng'ambo kisha wakaondoka, na kwa maoni yangu huondoka na nusu ya habari.

Wenyeji wangu walikuwa mzee na mkewe, nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, migomba mbele na mibuni nyuma. Kijiji ni kimya kwa namna inayoweza kumdanganya mtu wa mjini. Asubuhi hakuna watu njiani, hakuna redio, milango imefungwa kwa kamba tu. Si kwamba wamelala. Wameshateremka shambani tangu giza halijatoka vizuri.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia mke wa mzee nilipomfikia kwenye mteremko.

"Marahaba, mwanangu. Shika jembe basi, usisimame kama bwana shamba."

Ngoro huanza kwa nyasi. Mvua zikikaribia kwisha, wanaume huingia kwenye shamba lililopumzishwa na kufyeka kwa nyengo. Nyasi huachwa zikauke, kisha hupangwa kwa mistari, mingine ikishuka na mlima na mingine ikiukata, mpaka shamba lote ligawanyike kuwa miraba ya mita moja na nusu hivi kila upande. Hapo wanaume huwa wamemaliza. Wanawake ndio huchimba: mtu hutoa udongo katikati ya mraba na kuufukia juu ya nyasi za pande zote nne, humwaga mbegu za maharage, kisha huchimba tena na kuzifunika. Katikati hubaki shimo, na pembeni tuta lenye nyasi tumboni. Nyasi zikioza ndizo mbolea.

Mvua inaponyesha, maji hayapati njia ya kukimbia. Huingia shimoni, hutuama, huzama polepole, na udongo uliochukuliwa hubaki mle mle. Nilishuhudia mvua kubwa ya alasiri kutoka kwenye kibanda cha shambani. Barabara niliyokuja nayo iligeuka mto wa rangi ya chai ya maziwa. Shamba la mama, lenye mwinamo ambao mbuzi angefikiri mara mbili kuupanda, lilijaa vidimbwi na halikuteremsha hata kijito kimoja cha tope.

Maharage yakivunwa katikati ya mwaka, shamba hupumzika kiangazi. Novemba au Desemba mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale, na magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yaoze.

Ujuzi huu una historia chungu. Katikati ya karne ya 19, uvamizi wa Wangoni uliwasukuma Wamatengo wajibane milimani, watu wengi kwenye ardhi kidogo tena ya miinamo. Ngoro ndiyo iliyowalisha huko. Mwaka 1938 A. H. Pike aliandika kuihusu katika jarida la Tanganyika Notes and Records, akiieleza kama hifadhi ya udongo. Jambo la ajabu ni kwamba serikali ya kikoloni baadaye iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani kwao, na mwaka 1955 upinzani wao ukazua ghasia. Umatengo hakuna aliyehitaji kushikiwa kiboko ili achimbe.

Lakini sifa ya ngoro huelekezwa kwa "Wamatengo", na inapofika hapo mimi huuliza: Wamatengo gani? Siku niliyochimba, mama alimaliza mashimo yake na kurudi kunisaidia yangu, huku akinieleza kwamba kufyeka kuna mwisho lakini kuchimba hakuna. Fedha taslimu hutoka kwenye kahawa, iliyoingia huku miaka ya 1920, na kahawa kwa desturi ni ya wanaume. Mibuni ndiyo iliyoezeka nyumba ile bati na kusomesha watoto. Chakula cha kila siku, ugali na maharage, hutoka kwenye mgongo wa mama.

Mzee hakubisha. Jioni, dagaa wa Ziwa Nyasa wakiwa mezani, alisimulia habari za sengu: ndugu wa ntambo moja walivyokuwa wakila pamoja kwa babu na kukata mashauri palepale, nani alime wapi, shamba gani lilale. Sasa kila nyumba ina chungu chake. Mwanawe wa pili amehamia ardhi ya chini, kwenye miombo, anakolima matuta ya kawaida na kupata mavuno bila kuvunjika kiuno. Mzee anamsikitikia, mama, nilivyomsoma, anamwonea wivu kidogo.

Wiki ile mama alijaribu njia nyingine. Aliwaita vijana wawili wamchimbie kipande kilichobaki kwa malipo, kazi ambayo zamani mwanamume asingeigusa. Walifanya haraka, wakaimba, wakamaliza kabla ya saa sita. Mama alishuka kukagua, akapima mraba mmoja kwa mpini wa jembe, kisha wa pili. Mashimo yalikuwa mapana mno, na matuta membamba. Aliwalipa nusu, akawaonyesha kwa kidole mahali ambapo mvua ya Aprili ingepasulia, na akawaambia nusu ya pili wataikuta kesho, wakija na kuyarudia.

Mmoja alinung'unika. Mwenzake alikuwa ameshaokota jembe.