Ritifaa ya nyanya yangu

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nyumbani Masara, Migori. Leo nataka kuungama kosa la zamani ambalo juzi limenirudia.

Nilipokuwa mwaka wa mwisho chuoni, nikisomea sayansi ya kompyuta, niliandika programu ndogo ya kusajili wagonjwa. Ikajaribiwa katika zahanati moja huko kwetu. Tulikuwa tumefundishwa kuhusu XSS, yaani mtu kupenyeza skripti kwenye ukurasa wa wavuti ili iendeshwe na kivinjari cha mtu mwingine. Niliogopa kweli kweli. Dawa yangu? Kila alama ya <, >, " na ' inayoingia kwenye fomu, futa! Nikajiona mjanja.

Basi nyanya akaenda kuchukua dawa za presha. Jina lake la ukoo ni Ng'ong'a. Programu ikamwandika Ngonga. Mnaosema Kijaluo au Kiswahili mnajua hizo ni sauti mbili tofauti: ng'oa si ngoa. Muuguzi akaita "Ngonga" mara tatu, nyanya ametulia kwenye benchi kwa kuwa huyo si yeye. Alirudi jioni mikono mitupu. "Nyakwara," akaniambia, "kompyuta yako hainijui."

Safari ya pili ikawa mbaya zaidi. Kwenye sehemu ya kutafuta nilikuwa nimesahau kufuta alama, kwa hiyo karani alipoandika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho hakupata kitu. Akamfungulia faili la pili.

Sasa, juzi nikipitia kasoro za usalama za zamani nikakutana na CVE-2014-8071. Inahusu OpenMRS 2.1, programu huria ya rekodi za wagonjwa. OpenMRS ina mizizi yake Eldoret, kwenye mradi wa AMPATH, na KenyaEMR inayotumika katika kliniki nyingi za HIV nchini imejengwa juu yake. Kasoro ilikuwa wapi? Miongoni mwa sehemu nyingine, kwenye fomu ya kusajili mgonjwa: jina la kwanza, jina la ukoo, anwani. Palepale nilipoboronga mimi!

Kasoro ya aina hii ni rahisi. Mtu anaandika <script> mahali pa jina, na seva inaihifadhi. Daktari akifungua faili, kivinjari chake hakioni jina, kinaona amri, na kinaitekeleza kwa ruhusa zote za daktari. Utafiti wa KENPHIA wa 2018 ulikuta HIV kwa asilimia 19.6 ya watu wazima Homa Bay na 13.0 kwetu Migori. Hebu fikiria mafaili hayo yakisomwa na mtu baki.

Tiba yenyewe haifuti kitu. Jina lihifadhiwe kama mwenyewe anavyoliandika, kisha wakati wa kulionyesha ndipo < igeuzwe kuwa &lt; na ritifaa iwe &#39;. Kivinjari huzichora tu bila kuziendesha. (Ndani ya JavaScript kanuni ni nyingine, msije mkanilaumu.)

Programu yangu niliirekebisha kwa mistari minne. Kuunganisha mafaili mawili ya nyanya ndiko kulikochukua siku tatu, maana moja lilisema ana mzio wa penisilini na jingine halikusema kitu.