Chakula cha Viwavi: Safari ya Gede

Kwa muda wa miaka miwili mkarakara wetu, yaani mti wa pasheni, ulitambaa juu ya seng'enge ya uani bila ya kudhuriwa na kitu chochote. Mwaka wa tatu wakaja viwavi. Walikuwa weusi, wenye miiba iliyochipua vimiiba vingine, nao waliketi safu kwa safu juu ya majani kama askari waliokwisha kugawiwa chakula. Mama watoto alimwaga majivu. Majivu yaliposhindwa, aliniagiza dawa ya kunyunyiza. Dawa hiyo sikuinunua, kwa sababu juma lile lile nilipata likizo, nikasafiri kwenda kumtazama shemeji yangu aliyeko Malindi, nchini Kenya. Njiani nilikuta watu wanaopanda miti kwa makusudi ili iliwe na viwavi.

Msafiri atokaye Tanga huvuka mpaka Horohoro, akapita Lunga Lunga, akavuka maji kwa feri ya Likoni na kuingia Mombasa. Kutoka hapo barabara huelekea kaskazini. Baada ya Kilifi, msitu wa Arabuko-Sokoke huonekana upande wa kushoto. Eneo lake ni kilometa za mraba zipatazo 420, na katika pwani yote ya Afrika Mashariki hakuna kipande kingine cha msitu mkavu wa aina yake kilichosalia kikubwa kama hicho. Mbele kidogo ndipo Gede, penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. Watu wengi hushuka hapo ili waone msikiti na jumba la mfalme. Nami niliyaona, na kwa kweli yanastahili makala yake peke yake. Lakini ndani ya uwanja huo huo wa magofu kuna vibanda vya nyavu, na humo ndimo nilimotumia siku nzima.

Mradi huo huitwa Kipepeo, nao ulianzishwa mwaka 1993 chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sababu yake haikuwa mapambo. Wakulima walioishi kando ya msitu walikuwa na mashamba ya mchanga yasiyotoa mazao mengi, na hayo machache yaliyoota yaliliwa na nyani na ndovu. Wengi waliona kwamba heri msitu ukatwe, ardhi igawanywe. Huwezi kumlaumu mtu mwenye njaa akiwaza hivyo. Basi ikatafutwa njia ya kumfanya mkulima apate fedha kutokana na msitu uliosimama, na njia iliyopatikana ilikuwa kuuza pupa wa vipepeo kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani.

Pupa ni kiwavi aliyekwisha kushiba, akajining'iniza na kujifunga ndani ya ganda akingoja kugeuka. (Inachekesha kwamba katika lugha yetu neno hilo lina maana pia ya tamaa ya haraka, ilhali hapana kiumbe aliyetulia kama huyo.) Utulivu wake una kikomo. Siku za kungoja ni chache, hivyo pupa hupangwa kwa aina zao, hufungwa ndani ya pamba na kupelekwa kwa ndege upesi. Mzigo ukichelewa, vipepeo hutoka wakiwa safarini, wakafa ndani ya sanduku.

Nilipelekwa kwa mama mmoja mzee ambaye ni mfugaji. Nilimwamkia, akaitika, kisha bila maneno mengi akanitembeza nyuma ya nyumba. Nilitazamia kuona vipepeo. Nikaona miche ndani ya makopo na mifuko, mingi kuliko niliyoweza kuhesabu, na vijiti vya miti ya msituni nisiyoijua hata mmoja.

"Kipepeo hanipi taabu, mwanangu," aliniambia. "Taabu ni chakula chake."

Akanieleza kwamba kipepeo jike hunaswa kwa wavu, kwa kibali, akawekwa ndani ya kitundu pamoja na mche anaoutaka yeye. Asipoupata mche huo hatagi, au hutaga bure. Yule kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano tunayemwona kila siku hutaka majani ya mchungwa na mlimau. Mwingine hutaka mti fulani wa msituni, wala hadanganyiki kwa mwingine. Mayai yakianguliwa, viwavi huhamishiwa kwenye matawi yaliyovikwa mifuko ya nyavu ili ndege na mavu wasiwafikie. Mwaka wake wa kwanza mama huyo alifuga viwavi wengi kuliko majani aliyokuwa nayo. Aliwapoteza nusu. Tangu hapo hupanda kwanza, akafuga baadaye, na mbegu za miti hiyo huziokota msituni. Ndiyo maana hapendi kusikia mlio wa shoka upande ule.

Sitaki msomaji adhani kwamba biashara hii haina misukosuko. Mwaka 2020 nyumba za maonyesho zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wanunuzi walitoweka. Na kwetu Tanzania, wafugaji wa Amani katika milima ya Usambara Mashariki, walioifanya kazi hiyo hiyo, walisimama mwaka 2016 ulipopigwa marufuku usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Marufuku hiyo ilikuwa na sababu zake, lakini kiwavi wa Amani hakuwa na habari nayo. Aliendelea kugeuka pupa, na pupa kugeuka kipepeo asiye na mnunuzi.

Nilipowaeleza wale wa Gede juu ya viwavi wangu weusi, waliwatambua mara moja. Hao ni watoto wa wale vipepeo wa rangi ya machungwa wenye madoa meusi, ambao huruka polepole kana kwamba hawamwogopi mtu. Kweli hawaogopi, kwa sababu wana sumu ya aina ile ile iliyomo katika muhogo mchungu. Ndege akimwonja mmoja hatamani wa pili. Ajabu ni kwamba mkarakara ni mgeni hapa. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Lakini katika misitu yetu imo mitambaazi ya ukoo mmoja na mkarakara, ambayo viwavi hao waliila tangu zamani. Mgeni alipoletwa, walimtambua kuwa ni jamaa.

Huko Amerika wako vipepeo wenye mabawa marefu ambao viwavi wao hawali kitu ila mikarakara. Jike hukwepa kutaga kwenye jani lenye yai la mwenziwe, maana viwavi hao hulana. Basi baadhi ya mikarakara ya huko huotesha vinundu vya manjano vinavyofanana na mayai, na kipepeo akiviona hupita. Katika nyumba za Ulaya vipepeo hao huruka pamoja na wale waliotoka Gede, na mwenye nyumba akitaka watage hulazimika kuwapandia mikarakara.

Nilirudi nyumbani bila dawa, nikiwa na mbegu za pasheni ya manjano, ambayo huvumilia joto la pwani kuliko ile ya zambarau. Aina hiyo ya manjano haizai vema ikiwa peke yake: hutaka mche mwingine wa mbegu tofauti, na nyuki wakubwa weusi, wale watoboao mbao za paa, wa kuchukua chavua. Nani angebaki kuichukua kama ningenyunyiza dawa? Nilipanda miche miwili mahali pasipotuama maji, mmoja kando ya jiko, mwingine mwisho wa seng'enge. Viwavi wakionekana jikoni, binti yangu huwahamisha kwa jani hadi mwisho wa seng'enge. Mche ungali mchanga hatuwaachii wengi, maana wanaweza kuumaliza. Ukikomaa huchipua tena.

Mama watoto hajakubali bado. Juzi alinionyesha pupa aliyening'inia kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaniuliza shuka azianike wapi.