Pale Mchanga Ulipogeuka Rangi

Mwaka 1983 nilikuwa kibarua katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. Watafiti wa chuo kikuu walitaka kujua miti ipi inaota wapi, kutoka upande wa bahari kuelekea bara. Sisi vijana tuliwakatia mkuza kwa panga, tukazungusha utepe kwenye mashina usawa wa kifua na kuwatajia majina ya miti. Majina yenyewe tulifundishwa na mzee mmoja wa Kigiriama, mlinzi wa msitu, ambaye macho yake yalikuwa chini muda wote, kwenye mchanga.

Tulianzia upande wa Gede. Kwenye magofu ya mji ule wa kale miti imekita mizizi katika mwamba wa matumbawe. Ukiingia katika msitu wenyewe unakuta mchanga wa kijivu, na miti ya kila aina imesongamana: mibambakofi minene, mitambaazi juu, giza chini. Panga halikupumzika. Baada ya hapo msitu ukafunguka. Mchanga ukawa mweupe, na juu yake imesimama mirihi mirefu iliyoachana nafasi, jua likipenya hadi chini. Mchanga ule ni fukara. Mvua za miaka isiyohesabika zimeuosha rutuba yake. Mrihi unaumudu kwa sababu mizizini mwake wanaishi kuvu wanaousaidia kufyonza chakula kidogo kilichopo.

Usiku, kwenye moto, watafiti walibishana. Mmoja alishikilia kwamba kinachopanga miti ni mvua, na alikuwa na hoja: upande wa mashariki hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, kaskazini magharibi kama 600 tu. Mzee alisikiliza, hakusema neno.

Siku tuliyofika mpakani alinishika bega. “Mwanangu, tazama miguu yako.” Mchanga mweupe ulikuwa unaishia pale, na hatua chache mbele ardhi ilikuwa nyekundu kama kutu. Mirihi nayo ilikoma palepale. Mbele yetu kilisimama kichaka kigumu cha Cynometra, miti mifupi iliyoshikana matawi, na mihuhu katikati yake. Yule mtafiti wa mvua alisimama muda mrefu. Mvua hupungua polepole kwa kilomita nyingi. Haiwezi kukatika kwa hatua chache. Walichimba mashimo pande zote mbili, na udongo uliotoka ulikuwa wa aina mbili kabisa: mmoja mchanga mtupu, mwingine umechanganyika na mfinyanzi na chuma.

Mvua ina nafasi yake, sikatai. Lakini niliyoyaona pale yamenifanya niamini kwamba udongo ndio uliochora mipaka, na wanyama wakaifuata. Yule bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimpa jina lake la kitaalamu mwaka 1966, hapa kwetu anaishi katika Cynometra ya udongo mwekundu. Ukimtafuta kwenye mirihi utakesha bure.

Ndiyo maana inaniuma ninaposikia Arabuko-Sokoke ukizungumziwa kama msitu mmoja wa kilomita za mraba 420 hivi, kana kwamba hasara ya upande huu italipwa na upande ule. Mihuhu ilikatwa kwa wizi miaka mingi ili kuchonga vinyago, na pigo liliangukia udongo mwekundu, nyumbani kwa bundi. Mirihi yote ya mchanga mweupe haiwezi kuziba pengo hilo.

Kwa vikundi vya vijana wanaootesha miche Dida, Jilore na Gede nina ombi. Kabla ya kupanda, chimbeni shimo mwone udongo wa chini, kisha mkachukue mbegu kwenye miti iliyosimama juu ya udongo wa aina hiyohiyo.